Usalama wa mgeni hutegemea aliyeshika ufunguo

WAHENGA walinena kwamba mgeni ni kuku mweupe. Apitapo hutambulika, na macho ya wenyeji humwandama hata kabla hajafungua kinywa. Ugeni wenyewe ni aina ya hatari, kwa kuwa mgeni haijui njia ya mkato, hajui ni nani wa kumwamini, wala hajui ni kelele ipi ya usiku inayostahili kumtia hofu.

Katika mitaa ya Gigiri, Runda, Muthaiga na Lavington jijini Nairobi, kuku huyo mweupe amejengewa kizimba imara. Kuta ni ndefu na juu yake zimetandazwa nyaya za umeme. Mabawabu hulinda lango usiku na mchana. Ndani ya nyumba nyingi mna mlango wa chuma unaotenga vyumba vya kulala na sebule, na kando ya kitanda kuna kidude ambacho kikibonyezwa, king'ora hulia na gari la kampuni ya ulinzi hufika.

Maelfu ya kilomita kutoka hapo, katika miji ya Saudi Arabia, kuna Wakenya wanaolala katika nyumba zilizo na kuta ndefu vilevile. Nao ni wageni. Mitaa inayowazunguka ni mitulivu, na visa vya wizi wa mabavu ni nadra. Tofauti ni moja tu: mgeni wa Runda hufunga mlango wake kwa ndani, ilhali wengi wa wafanyakazi hao wa nyumbani hufungiwa kwa nje.

Picha hizi mbili zinafaa kukumbukwa kila inapotolewa orodha ya miji iliyo salama au hatari zaidi kwa wageni kuishi. Orodha hizo huchapishwa kila mwaka na husomwa kwa hamu. Kenya ina sababu ya kuzitazama kwa makini kuliko mataifa mengi, kwa kuwa ni mwenyeji na pia ni msafiri. Nairobi ni makao makuu ya Shirika la Umoja wa Mataifa kuhusu Mazingira, UNEP, lililoanzishwa 1972, na ya UN-Habitat, lililoanzishwa 1978. Mashirika hayo, pamoja na balozi, kampuni za kimataifa na mashirika ya misaada, yameleta maelfu ya wataalamu wa kigeni na familia zao. Kwa upande wa pili, Wakenya walio ughaibuni walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4.9 katika mwaka wa 2024. Usalama wa mgeni, basi, ni riziki ya Kenya kwa njia zote mbili.

Sifa mbaya ya Nairobi haikuzuka hivi hivi. Katika miaka ya tisini na mwanzoni mwa miaka ya 2000, wizi wa magari kwa mabavu ulikithiri hadi jiji likabandikwa jina la kejeli la "Nairobbery". Wageni waliowasili waliagizwa wafunge milango ya gari, wapandishe vioo na wasisimame kwenye taa za barabarani usiku. Mengi ya maagizo hayo yangali yanatolewa.

Kisha kukawa na ugaidi. Mnamo Agosti 7, 1998, bomu lililolipuliwa katika ubalozi wa Marekani, katikati ya jiji, liliua watu 213. Mnamo Novemba 2002, hoteli iliyopendwa na watalii wa Israeli huko Kikambala, Pwani, ilishambuliwa. Mnamo Septemba 2013, watu wasiopungua 67 waliuawa katika jumba la Westgate, miongoni mwao mshairi mashuhuri wa Ghana, Kofi Awoonor. Mnamo Januari 2019, watu 21 waliuawa katika jengo la DusitD2 kwenye barabara ya Riverside.

Mashambulizi hayo yalilenga mahali ambapo wageni hukutana, na ilikuwa haki wageni watiwe hofu nayo. Hata hivyo, hesabu ya makaburi yasema jambo ambalo husahauliwa. Kati ya watu 213 waliouawa Nairobi mwaka 1998, Wamarekani walikuwa 12. Kikambala, Wakenya waliokufa walikuwa wengi kuliko Waisraeli. Nalo shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa mnamo Aprili 2, 2015, lililoua watu 148, liliwaangukia wanafunzi wa Kenya. Mgeni ndiye aliyelengwa mara nyingi, lakini mwenyeji ndiye aliyezikwa.

Hapa ndipo panapozuka swali: iwapo Nairobi ina historia hiyo, mbona wageni wengi huishi humo miaka na mikaka, wengine wakiomba mikataba yao irefushwe?

Jibu moja ni kwamba mgeni haji kutoka peponi. Yeyote atokaye Chicago, kwa mfano, anatoka katika jiji lenye wakazi wapatao milioni 2.7 ambalo mwaka 2021 lilishuhudia mauaji yapatayo 800. Hayo ni takriban mauaji 29 kwa kila watu 100,000. Takwimu zinazokusanywa na ofisi ya Umoja wa Mataifa kuhusu dawa za kulevya na uhalifu, UNODC, zimeiweka Kenya kwenye takriban mauaji matano kwa idadi hiyo hiyo ya watu. Katika Marekani nzima, watu 48,830 walikufa kwa risasi mwaka 2021, zaidi ya nusu yao wakiwa wamejitoa uhai. Watoto wa shule za huko hufanyishwa mazoezi ya kujificha chini ya madawati, wasije wakavamiwa na mtu mwenye bunduki. Mzazi aliyeyaacha hayo nyuma anaweza kuketi Nairobi akaona kwamba, kwa jambo hilo moja, mwanawe yuko salama zaidi.

Ulinganisho huo una kasoro zake. Jiji moja si nchi nzima, na visa vingi vya uhalifu nchini Kenya haviripotiwi kwa polisi. Isitoshe, mauaji si kipimo pekee. Mgeni wa Nairobi ana uwezekano mkubwa wa kunyang'anywa simu au mkoba kuliko kuuawa, na kumbukumbu ya kisu kilichowekwa shingoni haifutwi na takwimu yoyote.

Lakini kasoro hizo zenyewe zina funzo. Mkazi wa Chicago hapati kuishi katika Chicago nzima. Anajua mitaa ya kusini na magharibi iliyoathiriwa zaidi na magenge, naye aghalabu haendi huko. Hofu yake ina ramani. Anapohamia Nairobi, ramani hiyo hupotea, na kwa miezi ya kwanza kila kona humtia wasiwasi. Baada ya mwaka mmoja au miwili anakuwa amechora ramani nyingine: duka lipi, barabara ipi, dereva yupi wa teksi. Hofu hupungua ingawa jiji halijabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni ujuzi wake.

Shirika la Gallup la Marekani, linapopima usalama duniani, huwauliza watu iwapo hujihisi salama wakitembea peke yao usiku mahali wanapoishi. Singapore imekuwa ikiongoza au kukaribia kuongoza mara nyingi, zaidi ya asilimia 90 ya wakazi wake wakijibu ndiyo. Kwa mgeni wa Nairobi, swali hilo ni gumu kwa sababu ya neno moja: kutembea. Wengi wao hawatembei usiku kamwe. Huingia garini ndani ya ua na kushuka ndani ya ua mwingine. Ukimwuliza mgeni kama anajihisi salama, huenda akajibu ndiyo kwa moyo mkunjufu, huku amekwisha kusahau kwamba alipokuwa London au Berlin alirudi nyumbani kwa miguu saa tano za usiku, na kwamba mtoto wa jirani yake huko alikwenda shule kwa baiskeli peke yake. Usalama ameupata, ila ameulipia kwa uhuru.

Na hata garini humo, hatari ipo. Kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kimekuwa kikiwaonya raia wake kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa vifo visivyo vya maradhi miongoni mwa Wamarekani walio nchi za nje. Nchini Kenya, ajali zimeua zaidi ya watu 4,000 kwa mwaka katika miaka ya karibuni, kwa mujibu wa takwimu za mamlaka ya usalama barabarani, NTSA. Mgeni huogopa bunduki ya jambazi na kusahau basi linalolipita lori jingine kwenye kona ya barabara ya Nakuru. Binadamu huogopa zaidi asilolizoea kuliko linaloua.

Aidha, kizimba cha kuku mweupe hakijilindi chenyewe. Kila lango lina bawabu, na kila bawabu ana kwao. Wengi hutoka Kangemi, Kawangware, Mathare au Githogoro, mtaa wa mabanda uliopakana na Runda yenyewe. Zamu ya usiku inapokwisha, mtu aliyelinda usingizi wa wengine huanza safari ya kurudi alfajiri kupitia vichochoro visivyo na taa, mara nyingi kwa miguu ili aokoe nauli. Sheria ya kudhibiti huduma za ulinzi wa kibinafsi ilipitishwa mwaka 2016, lakini mvutano kuhusu mishahara ya walinzi umeendelea hadi mahakamani. Jiji hilo hilo, katika saa hiyo hiyo, lina usalama wa aina mbili, na umbali baina yake haufiki kilomita mbili.

Tofauti hiyo hudhihirika zaidi nyakati za msukosuko. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua zaidi ya watu 1,100 na kuwafurusha mamia ya maelfu makwao. Damu ilimwagika Kibera, Mathare, Naivasha na Bonde la Ufa, si katika mitaa ya mabalozi. Mgeni aliyekuwa na wasiwasi aliweza kufunga virago na kupanda ndege. Mkazi wa Kiambaa au wa Mathare hakuwa na pa kukimbilia ila kanisani, kituo cha polisi au uwanja wa maonyesho. Huenda basi kinachompa mtaalamu wa kigeni utulivu si ukuta wala bawabu, bali ni tiketi: kule kujua kwamba mambo yakiharibika, pasipoti yake iko sandukuni, mwajiri wake atalipa nauli na ubalozi wake utampigia simu.

Ukilishika jambo hilo, fumbo la Ghuba hufumbuka lenyewe.

Miji ya Ghuba huvuma kwa usalama. Tovuti ya Numbeo, inayokusanya maoni ya watu kupitia intaneti, imekuwa ikiiweka Abu Dhabi katika nafasi ya kwanza tangu 2017. Wakenya wanaofanya kazi hotelini, katika kampuni za ndege na katika ofisi za Dubai na Doha husimulia kwa mshangao jinsi mtu anavyoweza kuacha simu mezani mkahawani akaikuta, au mwanamke akapanda teksi usiku wa manane bila wasiwasi. Ushuhuda huo ni wa kweli na haufai kubezwa. Kwa mtu aliyekulia Eastleigh au Kayole, kutembea usiku bila kugeuka nyuma ni utajiri.

Hata hivyo, takwimu za uhalifu wa mitaani haziingii jikoni. Kenya ilipiga marufuku usafiri wa wafanyakazi wa nyumbani kwenda Mashariki ya Kati mnamo 2012 na tena 2014, mwaka ambao pia leseni za mawakala 930 wa ajira zilifutwa, kufuatia malalamiko ya mateso. Baadaye milango ilifunguliwa tena chini ya mikataba na masharti mapya. Kisha Wizara ya Mambo ya Nje ikatangaza kwamba Wakenya 89 walifariki nchini Saudi Arabia katika miaka ya 2020 na 2021, wengi wao wakiwa wafanyakazi wa nyumbani. Vingi vya vifo hivyo vilielezwa na wenye mamlaka wa huko kuwa vya mshtuko wa moyo. Jamaa waliopokea majeneza ya mabinti zao waliokuwa wachanga na wenye afya walipoondoka hawakuridhika na maelezo hayo. Mnamo Mei 2025, shirika la Amnesty International lilitoa ripoti iliyotokana na mahojiano na wanawake wa Kenya zaidi ya 70 waliowahi kufanya kazi Saudi Arabia. Walieleza kuhusu kunyang'anywa pasipoti na simu, kufanyishwa kazi kupita kiasi, kunyimwa chakula na kufungiwa nyumbani.

Mzizi wa fitina ni mfumo wa kafala, unaomfunga mfanyakazi kwa mwajiri aliyemdhamini. Saudi Arabia ilitangaza mageuzi yaliyoanza kutekelezwa Machi 2021, yakiwaruhusu wafanyakazi wengi wa kampuni kubadili mwajiri kwa masharti fulani. Wafanyakazi wa nyumbani waliachwa nje ya mageuzi hayo. Hivyo katika jiji moja, mhandisi kutoka Nairobi angeweza kuacha kazi mbaya na kutafuta nyingine, ilhali dada yake aliyeajiriwa kama yaya angehesabiwa kuwa mtoro kwa kutoka langoni tu.

Vita navyo vimeonyesha ukweli huo huo. Baada ya mlipuko wa bandari ya Beirut mnamo Agosti 2020, wanawake wa Kenya walipiga kambi nje ya ofisi za ubalozi mdogo wa nchi yao mjini humo wakidai warudishwe nyumbani. Mnamo Septemba 2024, mashambulizi ya Israeli nchini Lebanon yalipochacha, serikali ya Kenya ilikadiria kwamba raia wake wapatao 26,000 walikuwa huko. Mataifa tajiri yalituma ndege na meli kuwachukua watu wao. Kwa yaya ambaye pasipoti yake ilikuwa kabatini mwa mwajiri aliyekwisha kukimbia, tangazo la ubalozi lilikuwa na maana ndogo. Hata Ghuba yenyewe haina kinga: droni zilizorushwa Abu Dhabi mnamo Januari 2022 ziliua watu watatu, wote wafanyakazi wahamiaji kutoka India na Pakistan, na mnamo Septemba 9, 2025, ndege za Israeli zilishambulia jengo mjini Doha.

Afrika nayo isijitakase. Mnamo Mei 2008, watu 62 waliuawa nchini Afrika Kusini katika mashambulizi dhidi ya wageni, na visa kama hivyo vikarudi 2015 na 2019. Waliochomewa maduka walikuwa Wasomali, Wamsumbiji, Wazimbabwe na wengineo waliokuwa wakiishi mabandani pamoja na wenyeji. Mtaalamu wa Kiingereza au Kijerumani aliyeishi Sandton hakuguswa. Chuki dhidi ya wageni ilijua ni mgeni yupi wa kumchukia.

Yapo pia mambo yanayopindua mazoea. Kwa miongo mingi, ilani za usafiri zimetoka kaskazini kwenda kusini. Mnamo Mei 2014, Uingereza iliwatahadharisha raia wake dhidi ya kuzuru sehemu za Mombasa, na kampuni za utalii zikawarudisha mamia ya wageni kabla ya likizo zao kuisha. Hoteli zilibaki tupu, na wapishi, wahudumu na wauza vinyago wa Pwani wakakosa kazi. Miaka 10 baadaye, mnamo Agosti 2024, magenge yalipokuwa yakishambulia misikiti na hoteli zilizohifadhi waomba hifadhi katika miji kadhaa ya Uingereza, Nigeria na Malaysia zilikuwa miongoni mwa mataifa yaliyowatahadharisha raia wao walioko huko. Muuguzi Mwafrika aliyekwenda Uingereza kwa matumaini ya utulivu alijikuta akiambiwa asitoke nje.

Yote haya yana uzito kwa sera za Kenya. Serikali imeufanya usafirishaji wa wafanyakazi kuwa nguzo ya mpango wake wa kupunguza ukosefu wa ajira, na mnamo Septemba 2024 ilitia saini mkataba wa uhamiaji na ajira na Ujerumani. Vijana wanahimizwa watoke. Ni haki, basi, waelezwe usalama ni kitu gani. Mkataba wa kazi usiotaja ni nani atakayeshika pasipoti, iwapo mfanyakazi ataruhusiwa kuwa na simu, iwapo anaweza kubadili mwajiri na ni nani atakayelipa nauli ya dharura, haumlindi mtu, hata kama mji anaokwenda umeshika nafasi ya kwanza duniani kwa utulivu. Na ubalozi usio na maafisa wa kutosha wa kazi, wala nyumba ya kumpokea aliyetoroka mateso, ni bendera tu inayopepea.

Vilevile, Kenya kama mwenyeji isiridhike kwa kuwa mashirika ya kimataifa yangali Gigiri. Usalama ulionunuliwa kwa nyaya za umeme huwatosha wenye kuununua, na hautoki nje ya ua. Taa za barabarani, njia za watembea kwa miguu na polisi wanaoaminika vingemfaa mgeni na bawabu wake kwa pamoja. Huyo wa pili ndiye kipimo bora cha hali ya jiji, kwa maana hana king'ora wala tiketi ya ndege.

Wahenga hao hao walisema pia: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa Nairobi, maneno hayo yatakuwa ya kweli siku bawabu wa Runda atakapomaliza zamu yake saa kumi na mbili alfajiri na kufika Githogoro bila kugeuka nyuma. Na kwa binti anayepanga foleni leo katika afisi ya wakala wa ajira, swali la kuuliza kabla ya kutia sahihi si kama mji anaokwenda una wezi. Aulize ni nani atakayeshika ufunguo wa nyumba atakamolala.